Waya wa Shaba Vifundoni

Mwanangu, siku zangu nyingi zimeshapotea kichwani, lakini iko moja isiyokubali kupotea, na hunirudia kila nikimwona kijana anachuchumaa huku visigino vyake viko juu. Jana ulichuchumaa hivyo mbele ya sinia la ndizi. Ukayumba mara moja, ukayumba tena, kisha ukaomba kigoda. Kijana wa miaka kumi na saba, unayekimbia kwa jina la shule nzima, unaomba kigoda kama mimi mzee. Niliendelea kula, kwa sababu mama yako, binti yangu, alikuwa anavisifu viatu vyako vipya, na chakula ni kitu cha kuliwa kwa amani. Lakini niliviona viatu vile vinavyopanda mpaka juu ya kifundo cha mguu, nikaona na kitambaa ulichojizungushia ndani yake, na kamba ulivyoikaza mpaka mishipa ikatokeza.

Ulipoulizwa ukasema kifundo kikikazwa mguu unapata nguvu. Nani kakuambia? Mimi maneno hayo nilijiambia mwenyewe nikiwa na umri wako, na katika maisha yangu hakuna aliyenidanganya vibaya kuliko mimi. Sogea hapa nikusimulie. Kigoda kiache hukohuko.

Enzi hizo alitawala Mdachi. Boma lake lilikuwa juu milimani, na sisi wa Ikolo, huku chini kando ya ziwa, tulimwona mara chache, alipohitaji kitu. Siku nyingine tuliishi na migomba yetu, ng'ombe wetu, mahindi, na mpunga kidogo bondeni. Kijana aliyefika umri wa kuchunga hakulala tena nyumbani kwa baba yake. Tulijijengea kijiji chetu wenyewe, vijana wa rika moja, vibanda vya mianzi vilivyokandikwa udongo, na kwa mama zetu tulikwenda kula tu. Ukiniuliza utajiri ni nini, nitakuambia ni kule: kuamka asubuhi ukasikia wenzako wote wanaitana kibanda kwa kibanda, "Ugonile", "Ugonile", yaani umelalaje, jua likiwa bado halijavuka milima ya Ukinga. Siku hizi nikiamka nasikia kuku.

Kibandani mwangu nilikaa na Gwakisa. Alikuwa kijana wa taratibu, mrefu, asiyekosa kipande cha muwa mdomoni. Baba yake alikuwa wa kwetu, lakini mama yake alitoka Lyulilo, kwa Wakisi wafinyanzi wa vyungu, na nadhani utulivu wake aliutoa huko, maana mfinyanzi mwenye pupa hali. Kila jioni tulipowapeleka ng'ombe kunywa ziwani tulishindana mbio mchangani, na kila jioni nilimshinda. Nasema hivyo bila majivuno, mwanangu. Sifa za mguu wa zamani hazina mnunuzi. Yeye alikuwa akikimbia nyuma yangu huku anacheka, na mimi niliuzoea mlio wa nyayo zake kama mtu anavyozoea mlio wa mvua juu ya paa lake. Mpaka leo nikipita mchangani peke yangu hugeuka kutazama.

Mwaka huo lilikuja jambo la waya. Wachuuzi walileta waya wa shaba, unang'aa kama jicho la jogoo, na vijana wa vijiji vyote wakaanza kujizungushia miguuni kwa ajili ya ngoma ya kiangazi. Ulikuwa ukizungushwa kuanzia juu ya unyayo, unapita kifundo, unapanda mpaka katikati ya ugoko, duara juu ya duara, pasiwe na nafasi hata ya kupitisha jani. Aliyefungwa vizuri alitembea wima, mguu umenyooka kama mchi, na wasichana walimjua kabla hajafika. Mimi nilimbebea mchuuzi mmoja mizigo yake siku tatu ili tu niupate waya ule. Baba yangu aliniuliza kwa nini nisiombe jembe. Nilimwona hajui dunia inakokwenda.

Gwakisa ndiye aliyenifunga. Nilikaa kizingitini, mvua za masika zikinyesha, mguu wangu juu ya goti lake. Akazungusha polepole, ulimi nje kama mtoto anayekata kucha.

"Nikaze?" akauliza.

"Kaza."

"Damu itapita wapi?"

"Kaza, Gwakisa. Damu inajua njia yake."

Akakaza. Yeye mwenyewe hakufunga. Alisema miguu yake ni mibaya tayari, kuipamba ni kuwaonyesha watu mahali pa kucheka.

Nililala na waya ule, nikaamka nao, nikachunga nao, nikaoga nao. Mwezi wa kwanza uliniuma. Mwezi wa pili haukuniuma tena, nikajua nimeuzoea, kumbe ni mguu uliokata tamaa. Nilianza kukimbia kwa vidole, kisigino hakigusi chini, na mashavu ya miguu yangu yakawa magumu kama kamba mbichi iliyoanikwa juani. Nilimgusisha Gwakisa nikamwambia, "Ona nguvu hii." Kwenye nchi tambarare bado nilimshinda, lakini nilimshinda kwa hatua chache kuliko zamani. Jambo hilo niliona nisilitaje, naye kwa heshima yake hakulitaja.

Masika yalipokwisha tukapakia ndizi na mahindi mtumbwini, tukapiga makafi kuufuata ufuko mpaka Lyulilo, kubadilishana na vyungu. Bibi yake Gwakisa alikuwa mfinyanzi mkongwe pale. Mwili wake ulikuwa mdogo, mikono mikubwa, na alichuchumaa kutwa nzima kazini, nyayo zake zote mbili zimelala chini, magoti yamefika kifuani, hayumbi. Akitaka kuzunguka chungu alijisogeza hivyohivyo bila kusimama. Tulimwamkia, akaitika bila kuinua uso. Kisha akatuwekea samaki mbasa wa kuchoma juu ya jani la mgomba, akasema tukae tule.

Gwakisa akachuchumaa kama bibi yake. Nami nikachuchumaa. Nilifika katikati, visigino vikainuka, nikajaribu kuvishusha, nikaanguka chali na kipande cha samaki mkononi. Wanawake wote pale ufukoni walicheka. Bibi hakucheka. Alikuja akanishika mguu, akaubonyeza waya kwa kidole gumba, akasema, "Gwe mwana, nani kakufunga kamba kama mbuzi wa kupelekwa sokoni?"

Nikamwambia ni pambo, na tena linatia nguvu, mimi ndiye mkimbiaji wa kwanza wa Ikolo nzima.

"Simama hapa," akasema.

Akaniweka mbele ya chungu kikubwa alichokuwa amekifinyanga jana yake, kibichi, kinasubiri kukauka. Akapima vidole vinne kutoka chunguni hadi kwenye ncha ya dole gumba la mguu wangu. "Kisigino kikae chini. Sasa kunja kifundo, ulete goti lako mpaka liguse chungu. Liguse tu, kama unamwamkia mkwe."

Goti langu halikufika hata nusu ya njia. Akamwita Gwakisa, naye akasimama palepale, akainama kidogo, goti lake likagusa chungu na kurudi. Wivu ukanipanda. Nikasimama tena, nikajisukuma kwa nguvu, kisigino kikaruka, na goti langu likaingia kwenye tumbo la chungu likaacha shimo la kutosha kulalia kuku.

Bibi alipitisha kiganja kwenye lile shimo. Hakunigombeza kwa sauti. Alisema, "Kifundo ni shingo ya mguu. Ng'ombe mwenye nguvu ukimfunga shingo isigeuke, atajikwaa kwenye njia anayoijua. Mkimbiaji hakimbii kwa mashavu ya miguu peke yake. Anakimbia kwa mahali panapokunjika. Leo umeniharibia chungu, kesho utajiharibia mguu. Udongo uwahi ungali maji, mwanangu. Vua waya huo. Kaeni kwangu mwezi huu mnisaidie kukanyaga udongo, nawe miguu yako itafunguka."

Unajua kukanyaga udongo wa vyungu? Unaumwagia maji, unaingia na miguu mitupu, na unakanyaga kuanzia kisigino hadi vidole, polepole, kifundo kikizama na kupanda, mpaka vijiwe vyote uvisikie na kuvitoa. Ni kazi ya kuchosha, haina ngoma, na wasichana wanaoiangalia ni bibi zako. Mimi nilikuwa na ngoma ya kiangazi mbele yangu. Nikamwambia, "Ndaga, Bibi, nimeshukuru sana. Ngoma ikipita nitavua." Nikarudi Ikolo na mtumbwi wa watu wengine. Gwakisa akabaki.

Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wengine huambiwa hivyo kwa mfano tu. Mimi niliambiwa kweli, na bado nikaenda zangu.

Ngoma ilikuwa nzuri, siwezi kukudanganya ili nasaha yangu ipendeze. Nilicheza mpaka vumbi likanifika shingoni, na msichana mmoja kutoka Ngana alinitazama kwa namna ambayo hata sasa, na meno yangu haya mawili, nikiikumbuka najiona mtu. Gwakisa alirudi siku ileile kutoka Lyulilo, miguu yake imepauka kwa udongo. Alikaa pembeni na muwa wake akinitazama nikicheza, na ngoma ilipokwisha alinisindikiza kibandani kama mtu aliyekuja na bwana harusi.

Kabla vumbi la ngoma halijatua ndipo habari ya vita ikashuka kutoka Boma. Wazungu wanapigana wao kwa wao, na Mdachi anataka watu. Malafyale wetu, ndivyo tunavyomwita mtawala kwa Kinyakyusa, akatukusanya vijana uwanjani kwake. Alikuwa mtu mnene na mwenye huruma, na siku ile sauti yake haikumtii. Alisema Boma linataka matarishi wawili kutoka kwetu, wa kupeleka barua kati ya ziwani na milimani. Hao watakuwa wakirudi makwao kila baada ya siku chache. Waliobaki, wenye mabega mazima, watabeba mizigo ya jeshi, kwenda asikokujua yeye wala sisi.

Tulielewa wote. Kila mmoja alitazama chini.

Malafyale akasema hatachagua mtoto wa mtu kwa mdomo wake. Miguu yenyewe ichague. Kesho kutwa asubuhi tutakimbia kutoka mdomo wa mto, kwenye mchanga wa ziwa, tukifuata mto kupanda, tuvuke, tupande ukingo wa ng'ambo, mpaka uwanjani kwake. Wa kwanza na wa pili ndio matarishi.

Jioni hiyo nilikaa kizingitini palepale, na Gwakisa akaufungua waya aliouzungusha mwenyewe. Ulikuwa umeacha alama kama mistari ya shamba lililolimwa matuta. Nilisimama nikiwa na furaha, nikijiona mwepesi kama aliyetuliwa mzigo. Nikachuchumaa, visigino vikabaki juu. Nikambonyeza Gwakisa begani, nikamwambia nitalala na nitaamka nimefunguka. Alichukua kisahani cha mafuta ya maziwa akanisugua vifundo, akivikunja na kuvikunjua kwa subira, kama alivyofundishwa na bibi yake.

"Ungekuja mwezi ule," akasema.

"Mimi na wewe ni wa kwanza na wa pili siku zote," nikamwambia. "Wa kwanza mimi, wa pili wewe. Nani mwingine wa kutushinda?"

Akacheka. "Mimi hata wa pili unanitosha."

Siku ya mbio tulianza mchangani, vijana kumi na kitu. Mchanga ule mlaini haumwachi mtu anayekimbia kwa vidole. Unazama mbele, kisigino hakina pa kusukumia, na kila hatua inakuibia nusu yake. Nilizoea kusikia nyayo za Gwakisa nyuma yangu. Siku ile niliuona mgongo wake. Alinipita bila papara, nyayo zake zikilala na kuinuka, kifundo kikikunjika kama bawaba iliyotiwa mafuta, nami nikajua ndani ya moyo wangu kuwa yule mkimbiaji wa kwanza wa Ikolo si mimi tena. Hata hivyo nilikuwa wa pili. Kwenye nchi ngumu kando ya mto nilimkaribia. Tulivuka maji pamoja, yeye mbele, mimi nyuma, wengine wako mbali. Ilibaki kupanda ukingo na kuvuka shamba moja la migomba. Ngoma za malafyale tulishaanza kuzisikia.

Ukingo ule ulikuwa udongo mbichi ulioteremka sana. Gwakisa aliupanda kama mtu anayepanda ngazi ya kwao, goti mbele, kisigino chini. Mimi nilitia mguu, kifundo kikakataa kukunjika, uzito wote ukabaki kwenye vidole, vidole vikateleza, na mguu ukapinduka chini yangu. Niliusikia mlio wake kabla ya maumivu, mlio mdogo, kama ufito ukivunjwa.

Sasa, mwanangu, nakuambia jambo ambalo mama yako hajui, wala mama yake hakulijua. Nilimwita. Gwakisa alikuwa ameshafika juu, ameshaingia kwenye migomba, nami nililala kwenye matope nikamwita jina lake. Sikuwa nakufa. Maji hayakuwa yananichukua. Wengine walikuwa wanakuja nyuma, wangeniona, malafyale angetuma watu. Ningeuma ulimi kwa muda wa kuhesabu vidole, basi. Lakini niliogopa, na nilizoea kuwa akiwa karibu hakuna baya, nikamwita.

Akageuka. Wenzetu wawili wakampita pale juu, naye anashuka. Hakuonyesha hasira. Alinitia mgongoni mwake, akaupanda tena ukingo ule, safari hii na mimi juu yake, na vifundo vyake vilikunjika na kutubeba wote wawili. Tuliingia uwanjani wa mwisho. Malafyale alimtazama, akamtazama na yule wa pili aliyekwisha kufika, kijana mzuri tu, mwenye mama mjane, akageuza uso. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, tunasema, na tunasema kwa furaha. Hatusemi rafiki naye hulipia nini.

Mtu aliyevunjika mguu hachukuliwi kubeba mizigo. Kifundo changu kikaniokoa mimi, kikamtoa yeye akabebe.

Waliondoka siku ya nne. Gwakisa alikuja kuniaga kibandani nikiwa nimelala, mguu umefungiwa vipande vya mwanzi. Aliona waya wangu umetupwa pembeni. Akakata kipande kifupi, akajizungushia kwenye kifundo cha mkono mara mbili, kwa ulegevu. Kisha akapitisha kidole chake chini yake akanionyesha. "Unaona?" akasema. "Unacheza. Hivi ndivyo pambo linavyovaliwa." Nikacheka, naye akacheka. Nikamwambia akirudi tutashindana upya. Akasema safari hiyo nijitahidi kuwa wa pili.

Mwanangu, sikumwona tena. Mdachi alitoka, Mwingereza akaingia, waliobeba mizigo wakarudi mmojammoja, wengine wamekonda hata mama zao walisita mlangoni. Niliwauliza wote. Mmoja alisema alimwona kwenye milima ya kusini, bado ana kipande cha muwa mdomoni, sijui aliutoa wapi. Baada ya hapo hakuna aliyejua. Hakuna kaburi, na hakuna mtu aliyeniambia, "Nilikuwepo." Kwa hiyo mpaka leo moyo wangu haujakubali kumaliza kumsubiri. Nina uzee huu wote na bado nikisikia hodi jioni huanza kuinuka.

Lakini mwaka uleule wa kuondoka kwake, mfupa uliposhika na mguu umekakamaa kama gogo, nilipakiwa mtumbwini mpaka Lyulilo. Nilitaka bibi yake asikie kwangu mwenyewe jinsi mjukuu wake alivyochukuliwa. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya chungu. Nikamsimulia kila kitu isipokuwa kule kuita. Hakusimamisha mikono yake. Nilipomaliza akauliza, "Alipogeuka, alikuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza, Bibi."

Akalainisha mdomo wa chungu kwa kipande cha kibuyu, akazunguka nusu duara, akasema, "Basi niliikanda vizuri miguu yake." Hapo ndipo machozi yakamtoka, nami nikalia naye.

Alinikalisha kwake miezi yote iliyobaki ya kiangazi. Asubuhi alinitia kwenye udongo nikaukanyaga, mwanzo nikishikilia fimbo, kisigino hadi vidole. Mchana alinichuchumaza mbele yake nikimpa maji, kwanza visigino nikiviwekea jiwe bapa, kisha jiwe jembamba zaidi, kisha bila jiwe. Hakuniruhusu kulazimisha. Pakiuma sana alisema acha, pakivuta kidogo alisema kaa hapohapo uvute pumzi. Na kila wiki aliweka chungu kibichi, akapima vidole vinne. Mara nyingi goti halikufika. Siku lilipofika, likagusa udongo ule wa baridi na kurudi bila kuacha alama, niligeuka nyuma kwa mazoea, nimwonyeshe mtu. Mchanga ulikuwa mtupu. Bibi aliona nilivyogeuka, akainama kwenye kazi yake.

Nilitembea vizuri, nikalima, nikaoa, nikawabeba watoto wangu mabegani. Lakini mbio zile hazikurudi. Mfupa uliunga kwa namna yake.

Haya, nasaha yangu ni hii. Kifundo ni cha kukunjika, si cha kupamba wala cha kufunga. Kila asubuhi kabla hujaenda shuleni, chuchumaa, nyayo zote chini, magoti yapite vidole, ukae muda wa kumenya ndizi za mkungu mdogo. Ukishindwa, weka kitu chembamba chini ya visigino, ukipunguze siku hadi siku. Weka mguu vidole vinne kutoka kwenye nguzo hii ya baraza, uone kama goti linaigusa na kisigino hakitoki. Mguu wa kulia ukifika na wa kushoto usifike, huo wa kushoto ndio wa kuuhurumia. Tembea na kukimbia mchangani pekupeku, polepole, mguu ujue ardhi. Usivute kwa nguvu wala kwa hasira, maana samaki hukunjwa angali mbichi, na hata akiwa mbichi ukimkunja kwa pupa utamkata. Na usidhani kuvua kitambaa leo ndiyo kufunguka kesho. Mimi nilivua waya jioni nikataka mguu mpya asubuhi ya pili, na umeshaona gharama yake aliilipa nani. Kifundo kikiteguka, mwone tabibu, mwambie na mwalimu wenu, acha kukimbia mpaka kipone. Viatu sikukatazi. Vivae, lakini kidole kipite chini ya kamba.

Na moja zaidi, ambalo si la mguu. Ukishauriwa na mzee mwenye mikono ya udongo, usimwambie "ngoma ikipita." Na siku ukianguka, kabla hujaita jina, tazama kwanza unamgeuza nani na kutoka wapi.

Kyala, Mungu wetu, akulinde, mwanangu. Akupe vifundo laini na moyo mgumu kwenye mambo yanayostahili ugumu. Akupe mwenzako wa kusikia nyayo zake nyuma yako miaka yako yote, na yeye akikupita, akupe furaha ya kumwona mgongo. Akurudishe nyumbani kila utakapokwenda, na waliotutoka bila kuaga vizuri, awaambie huko waliko kwamba mlango wetu hatujaufunga.

Sasa vua hivyo viatu, uchuchumae hapa mbele yangu nione.